Vidonge vya Malaria Havitaki Tumbo Tupu

Mazungumzo ya afya kwa watu wa Chebunyo na nchi yote ya Chepalungu, Kaunti ya Bomet



Liko jambo moja ambalo huwashangaza watu wengi wa nchi hii. Mtu hushikwa na homa, huenda dispensari, damu yake hupimwa na kuonekana ina vijidudu vya malaria, naye hupewa vidonge. Huvimeza vyote, hesabu kamili, bila kuacha hata kimoja. Siku ya tatu yu mzima, achunga ng'ombe wake kama kawaida. Kisha yapita majuma mawili au matatu, na homa ile yarudi. Hapo ndipo maneno huanza: vidonge vilikuwa vibovu, au mganga hakujua kazi yake, au jirani ana kijicho. Huenda vidonge vilikuwa vibovu kweli, maana dawa za bandia zipo duniani. Na huenda mbu mwingine amemwuma. Lakini liko swali ambalo aghalabu haliulizwi, nalo ni hili: mtu huyo alikula nini alipovimeza?

Dawa inayotolewa siku hizi katika dispensari za Kenya kwa malaria isiyo kali ni dawa mbili zilizotiwa katika kidonge kimoja, artemetha na lumefantrini. Wengi huiita AL kwa kifupi, au huiita Coartem, ambalo ni jina la kiwanda kimoja tu miongoni mwa viwanda vingi. Ndugu zetu wa Tanzania huiita dawa mseto. Serikali ya Kenya iliichagua katika mwaka 2004, na ilianza kuenezwa katika dispensari mwaka 2006.

Kazi ya dawa hizi mbili yafanana na kazi ya watu wawili waliopewa shamba lililojaa magugu. Wa kwanza ana panga, naye hufyeka upesi; kwa saa chache tu shamba laonekana limesafishwa. Huyo ndiye artemetha. Huua vijidudu wengi mno kwa muda mfupi, na ndiyo sababu mgonjwa hupata nafuu siku ya pili. Lakini artemetha haikai mwilini, hutoka upesi kama ilivyoingia. Wa pili ana jembe, huenda polepole aking'oa mizizi iliyobaki. Huyo ni lumefantrini, ambayo hukaa katika damu siku nyingi ikimaliza masalio. Basi ikiwa wa pili hakufika shambani, shamba litapendeza kwa juma moja, kisha magugu yataota tena pale pale.

Na huyu wa pili ana tabia moja: hapatani na maji. Lumefantrini ni dawa inayotaka mafuta. Mtu akiimeza kwa maji matupu, sehemu kubwa yake hupita tumboni na matumboni ikatoka bila kuingia katika damu. Ilipopimwa kwa watu wazima wasio wagonjwa, ilionekana kwamba lumefantrini iliyomezwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi huingia katika damu kiasi cha mara 16 kuliko ile iliyomezwa tumbo likiwa tupu. Artemetha nayo huongezeka, lakini mara mbili tu. Hesabu hiyo ya 16 yafaa isikilizwe vema. Mtu aliyemeza vidonge 24 bila chakula amemeza kweli vidonge 24, na kasha lake tupu ni ushahidi. Lakini damu yake haikupata sehemu yake.

Mtu asidhani kwamba mgonjwa lazima achinjiwe mbuzi. Watafiti waliojaribu jambo hili huko Thailand, na kuchapisha habari zake mwaka 2007, walitumia maziwa ya soya, wakakisia kwamba mililita 36 tu, zenye mafuta gramu 1.2, zatosha kuifanya dawa iingie katika damu karibu kadiri iwezavyo kuingia. Mililita 36 ni vijiko viwili vikubwa na nusu hivi. Maziwa ya ng'ombe ambayo hayakuondolewa mafuta yana mafuta kiasi kama hicho au kuzidi. Basi yule anywaye nusu kikombe cha maziwa pamoja na vidonge vyake amekwisha kutimiza haja ya dawa.

Hapa watu wa Chebunyo wana bahati kuliko watu wa miji mingi. Nchi hii ya chini ya Bomet si nchi ya chai kama Kericho; ni nchi ya ng'ombe na mahindi, na ni nyumba chache zisizojua maziwa. Mursik iliyolala katika sotet, ikiwa haikuondolewa mafuta yake, ni chakula chema kwa kumezea vidonge hivi. Kadhalika maziwa yaliyochemshwa, na chai iliyopikwa kwa maziwa mengi, na yai, na karanga, na kipande cha parachichi, na mboga zilizokaangwa kwa mafuta. Visivyofaa vikiwa peke yake ni vile ambavyo mgonjwa hupewa mara kwa mara kwa huruma: maji ya moto, soda, uji mwepesi usio na maziwa, na chai ya rangi, ile ambayo vijana huiita strungi. Chai ya rangi haiharibu dawa. Lakini haina mafuta, na mtu aliyemezea vidonge kwa chai hiyo ni sawa na aliyemezea kwa maji. Ni ajabu kidogo kwamba katika nchi iliyozungukwa na mashamba ya chai na malisho ya ng'ombe, chai na maziwa vyaweza kukosa kukutana katika kikombe cha mgonjwa, hasa mwisho wa mwezi.

Kwa nini basi desturi ya kumezea maji imeshika sana? Sababu yake ni ya zamani, nayo si ujinga. Wazee wenu walizoea dawa nyingine. Katika miaka ya mwisho ya 1940 wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho walipewa vidonge vya Paludrine vya kuwakinga, kwa sababu malaria ilikuwa ikizuka kwa ghafula katika nchi za juu na kuwaangusha watu wengi kwa wakati mmoja. Dakt. P. C. C. Garnham aliandika habari za milipuko ya namna hiyo katika 1945, na waganga walistaajabu jinsi ugonjwa wa nchi za joto ulivyopanda milima. Baadaye ikaja klorokwini, chungu kama shubiri, iliyowawasha watu wengi ngozi; nayo ilikuwa dawa kubwa hata vijidudu vilipoizoea. Mwaka 1998 Serikali iliiacha, ikatumia dawa ya sulfadoksini na pirimethamini, ambayo wengi waijua kwa jina la Fansidar. Mtu mzima alimeza vidonge vitatu vya dawa hiyo kwa mara moja, mbele ya mganga, kwa bilauri ya maji, kazi ikaisha. Hakuna aliyemwuliza habari za maziwa, maana dawa hizo hazikuyahitaji. Mtu aliyefundishwa hivyo kwa miaka mingi hufanya vivyo hivyo na dawa mpya, wala haimkiniki kumlaumu ikiwa aliyempa kasha hakumweleza tofauti.

Shida kubwa ni kwamba malaria yenyewe huondoa hamu ya kula. Kinywa huwa kichungu, tumbo huchafuka, mgonjwa hugeuka ukutani asitake kuona sahani. Basi ugonjwa humnyima mtu kile ambacho dawa yakihitaji. Mfano ni huu, ambao kila mhudumu wa dispensari aweza kuutambua. Bibi mzee amemleta mjukuu wake, mtoto wa miaka minne, mwili unawaka.

"Nyanya, mtoto amekula nini tangu asubuhi?"

"Hajala kitu, mwanangu. Nimempa maji tu."

"Nyumbani maziwa yapo?"

"Maziwa hayakosi. Lakini mwenye homa hunyweshwa maziwa? Si atatapika yote?"

"Usimpe kikombe kizima kwa mara moja, nyanya. Mpe kijiko, ungoje kidogo, umpe kingine. Akifika nusu kikombe, hapo ndipo umpe vidonge. Akivitapika kabla ya nusu saa kupita, umpe vingine kipimo kile kile, kisha urudi hapa uongezewe ili hesabu isipungue."

"Na akikataa hata kijiko?"

"Akikataa kabisa, au akitapika kila kitu, usikae naye nyumbani. Mlete upesi. Huyo si mgonjwa wa vidonge tena, ni wa sindano."

Maneno ya mwisho ya mhudumu huyo ni ya maana sana. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, anayeshikwa na degedege, anayepumua kwa shida, au anayelala asiamke vema, ana malaria kali au ugonjwa mwingine mkubwa, na maziwa hayatamsaidia. Kwa watu wa namna hiyo iko sindano ya atesuneti, ambayo imechukua mahali pa kwinini tangu uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa watoto zaidi ya 5,000 katika nchi tisa za Afrika, na kutangazwa mwaka 2010, uonyeshe kwamba huokoa wengi zaidi. Lakini hata huyo aliyepona kwa sindano bado apewa vidonge vya siku tatu baadaye ili kung'oa mizizi, navyo vyataka chakula kama vile vya mtu mwingine yeyote.

Saa za kumeza dawa zina urahisi kwa watu wa ng'ombe. Kipimo cha pili humezwa saa nane baada ya kile cha kwanza. Siku ya pili na siku ya tatu humezwa asubuhi na jioni, yaani saa zile zile za kukama. Mgonjwa ambaye vidonge vyake vimewekwa karibu na kibuyu cha kukamia hatasahau kimoja wala kingine. Jumla ni mara sita katika siku tatu. Mwenye uzito wa kilo 5 hadi 14 humeza kidonge kimoja kila mara, wa kilo 15 hadi 24 viwili, wa kilo 25 hadi 34 vitatu, na wa kilo 35 na zaidi vinne. Kipimo huenda kwa uzito wala si kwa miaka. Ndiyo sababu mtoto huwekwa juu ya mizani. Kugawa kasha la mtoto mmoja kwa watoto wawili ni kuwanyima wote wawili, na kuweka vidonge viwili vya akiba kwa ajili ya homa ya mwaka ujao ni kuwalisha vijidudu dawa kidogo ili waizoee.

Kwa kawaida siku ya pili homa hushuka, na njaa hurudi. Hiyo ni neema, kwa kuwa mtu alaye vema siku ya pili na ya tatu hufidia sehemu ya upungufu wa dawa ambayo tumbo lake lilishindwa kuipokea siku ya kwanza. Yule aliyeacha kumeza kwa sababu amepona ameiacha dawa wakati ule hasa inapoingia vizuri.

Baadhi ya watu watauliza kama mgonjwa wa nyumbani, asiye na mganga wa kumsimamia, aweza kuaminiwa kula na kumeza sawasawa. Jambo hili lilijaribiwa huko Mbarara, Uganda, na habari zake zilichapishwa mwaka 2005. Wagonjwa wa kundi moja walimeza kila kipimo mbele ya wauguzi, pamoja na chakula chenye mafuta. Wa kundi la pili walipewa kasha, wakaelezwa habari za chakula, wakaenda zao nyumbani. Baada ya siku 28, katika kila watu 100 wa kundi la kwanza walikuwa wamepona karibu 98, na wa kundi la pili 98 vile vile. Kweli lumefantrini ilikuwa kidogo zaidi katika damu ya wale wa nyumbani, lakini ilitosha. Kwa hiyo mtu wa kijijini aliyeelezwa vema hana haja ya kusimamiwa. Aliyepewa kasha bila neno ndiye aliye hatarini.

Sasa yafuata jambo la pili, ambalo halihusu chakula. Ni habari ya dawa nyingine ambazo mgonjwa anazo nyumbani kabla malaria haijamfikia.

Ini la mtu ni kama kiwanda. Dawa zote zinazomezwa hupita humo, na ndani yake wako watumishi ambao kazi yao ni kuzivunjavunja ili zitoke mwilini. Watumishi hao wakiwa kwa hesabu ya kawaida, dawa hupata nafasi ya kufanya kazi yake kabla ya kuvunjwa. Lakini ziko dawa ambazo zikiingia kiwandani huwaandika watumishi wapya wengi, na hao hawachagui. Huvunja kila kipitacho. Mkubwa wa dawa hizo ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu huimeza kila siku kwa miezi mingi, na kwa muda huo ini lake lina watumishi tele. Watafiti wa Uganda walionyesha katika mwaka 2013 kwamba kwa watu wanaotumia rifampisini, artemetha ilibaki karibu sehemu moja tu katika kumi, na lumefantrini ilipungua kwa theluthi mbili. Hata kibuyu kizima cha mursik hakiwezi kuirudisha dawa ambayo ini limekwisha kuivunja.

Hii haina maana kwamba mgonjwa wa kifua kikuu aache rifampisini ili vidonge vya malaria vifanye kazi. La, hasha! Kuacha dawa ya kifua kikuu katikati ni hatari kubwa kwake na kwa nyumba yake yote. Na tena watumishi wa ini hawaondoki siku ile dawa inapoachwa, hukaa majuma kadhaa. Impasalo ni kumwambia mganga kabla ya kupewa kasha: ninatumia dawa za kifua. Mganga atatafuta shauri lingine, au atamtaka arudi damu ipimwe tena.

Dawa za kifafa nazo ni vivyo hivyo. Fenobabitali, ambayo ni rahisi kwa bei na hutolewa sana mashambani, pamoja na fenitoini na kabamazepini, zote huwaandika watumishi wa namna ile. Na hapa iko shida ya pekee, kwa sababu watu wengi huficha kifafa kuliko wafichavyo ugonjwa mwingine wowote. Mama humleta mtoto mwenye homa, huulizwa kama anatumia dawa nyingine, naye, kwa kuwa jirani wameketi kwenye benchi wakisikiliza, husema hapana. Mhudumu mwenye busara huuliza swali hilo chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Na mama mwenye busara, ikiwa mlango hauna kitasa, huileta chupa ya dawa katika kikapu na kuionyesha bila kusema neno.

Kwa wale wanaotumia dawa za kupunguza virusi vya Ukimwi mambo yamekuwa mepesi zaidi. Efavirenzi, iliyotumiwa sana miaka iliyopita, ilipunguza dawa ya malaria katika damu. Lakini tangu mwaka 2018 hivi Kenya imewahamisha watu wengi kwenye dolutegravir, ambayo haigombani nayo. Hata hivyo wako ambao hawakuhamishwa, na yafaa kila mmoja ajue jina la dawa yake. Anayetumia Septrin kila siku asipewe tena Fansidar, maana zote mbili zina salfa, na mwili waweza kuzikataa kwa kuchubuka ngozi vibaya sana.

Kuna na dawa zinazogusa mwendo wa moyo. Lumefantrini yaweza kurefusha kidogo muda ambao umeme wa moyo hutumia kujirudisha baada ya kila pigo; kwa mtu wa kawaida si neno. Lakini kwinini nayo hufanya hivyo, na kwa nguvu zaidi, kadhalika baadhi ya dawa za ugonjwa wa akili, na erithromaisini, na siprofloksasini ambayo watu hupewa kwa homa ya matumbo. Desturi iliyoingia katika maduka ya dawa, ya kumwuzia mtu mwenye homa dawa ya malaria na ya homa ya matumbo kwa pamoja bila kumpima ugonjwa wowote, ni desturi mbaya kwa mfuko wake, na kwa baadhi ya watu ni mbaya kwa moyo wao. Mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye katika ukoo wake watu wameanguka na kufa ghafula bila kuugua, aseme. Na yule aliyeweka kwinini ya zamani katika sanduku asijiongezee mwenyewe ili apone upesi; kwinini pia hushusha sukari ya damu, na mtu ambaye hajala siku mbili sukari yake imekwisha kushuka.

Pombe haikuandikwa miongoni mwa vitu vinavyogombana na AL. Hilo ni kweli, na wako watakaolifurahia. Lakini mlevi hutapika, hulala saa ya kipimo, na hula baada ya kunywa au hali kabisa. Juu ya maji ya balungi, yameonekana kuongeza artemetha katika damu kiasi cha mara mbili, kwa kuwa huwazuia watumishi wa matumboni wasifanye kazi. Tunda hilo si la kila siku huku, na mgonjwa aweza kulikosa kwa siku tatu bila hasara. Parasetamoli ya kushusha homa haina ugomvi.

Watu wengine huchemsha majani ya artemisia na kuyanywa kama chai, wakisema ndiyo asili ya dawa hii. Asili ni kweli. Mama mmoja wa China, Tu Youyou, ndiye aliyeongoza kazi ya kuitoa dawa katika mmea huo kati ya miaka ya 1971 na 1972, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini yeye mwenyewe alifaulu alipoacha moto mkali na kutumia etha badala ya maji ya kuchemka. Chai ya majani hayo haina kipimo kijulikanacho, haina lumefantrini ndani yake, na Shirika la Afya Duniani halikubali itumiwe badala ya vidonge. Anayeinywa pamoja na vidonge na amwambie mganga, kama angavyomwambia habari za mizizi na magome mengine aliyopewa na wazee.

Akina mama wajawazito wana mambo yao. Zamani waliogopa vidonge hivi katika miezi mitatu ya kwanza. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba AL yaweza kutumiwa hata katika miezi hiyo. Katika kaunti za Ziwa na za Pwani mjamzito hupewa Fansidar ya kumkinga, lakini si huku. Basi binti wa Chebunyo aliyeolewa upande wa Ziwa, au aliyekwenda huko kufanya kazi, ajue kwamba kidonge cha foliki cha miligramu 5 hupunguza nguvu ya Fansidar. Kile kidogo cha miligramu 0.4, ambacho hutolewa pamoja na madini ya chuma, hakina neno. Tena kwa wale wanaopanga uzazi kwa vidonge au sindano, maelekezo ya AL yaonya kwamba yaweza kupunguza kinga yao kwa muda, nao waulize kliniki.

Mtu atasema kwamba haya yote ni mengi kwa homa ya siku tatu. Lakini watu wa nchi za juu hawakuizoea malaria kama watu wa Kisumu. Huko mtu huumwa na mbu mwaka mzima tangu utoto, na mwili wake hujifunza kupigana. Huku ugonjwa huja zaidi baada ya mvua za masika, kuanzia Mei hadi Julai, na mwaka mwingine hauji kabisa. Kwa hiyo hata mtu mzima mwenye nguvu aweza kuangushwa kama mtoto. Kijana anayeshuka kutoka Kericho kwa likizo, au anayekwenda Ziwani na kurudi, hubeba vijidudu bila kujua. Na jambo la kuhofisha zaidi ni hili: katika mwaka 2020 ilitangazwa kwamba vijidudu vya Rwanda vimeanza kuivumilia artemisinini, na mwaka 2021 ikawa habari ya Uganda ya kaskazini, ambayo si mbali. Panga likianza kuwa butu, kazi yote yategemea jembe, yaani lumefantrini. Nayo ndiyo hiyo isiyoingia mwilini bila mafuta.

Basi mgonjwa aliyemaliza vidonge vyake aangalie siku 28. Homa ikirudi katika muda huo, asinunue kasha jingine dukani. Arudi dispensari pamoja na kasha tupu la kwanza, na dawa nyingine zote zilizomo nyumbani, za kwake mwenyewe, katika mfuko mmoja. Mhudumu atampima damu, atasoma majina ya dawa hizo moja moja, kisha atamwuliza alimeza saa ngapi, na kwa kitu gani.